Jina na Njia: Mafunzo Niliyopata Nilipojenga Mtandao wa Nyumbani kwa Linux

Nyumbani kwetu Tanga intaneti inaingia kwa modemu moja na kutumiwa na wengi: Mama na simu yake, wadogo zangu na kompyuta zao za masomo, runinga ya sebuleni, printa, na wageni wasiokosekana siku za mapumziko. Kati ya modemu na watu wote hao nimeweka kompyuta ndogo ya mezani, ya mtumba, yenye kadi mbili za mtandao na mfumo wa Debian. Inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuvipitisha vifaa vyote nje kwa anwani moja tuliyopewa na mtoa huduma. Ya pili ni kujibu swali ambalo kila kifaa huuliza kabla ya kwenda popote: jina hili lina anwani gani?

Ruta za dukani hufanya kazi hizohizo, tena nyingi zina Linux ndani yake. Lakini huwezi kuona zinachofanya, na usichokiona ni vigumu kukitengeneza. Kwa kuitunza kompyuta hii nimefikia imani moja ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mafunzo haya yote: mtandao wa nyumbani ni mali ya nyumba, intaneti ni huduma tunayoinunua. Mwenye nyumba akivitenganisha viwili hivi vizuri, bando likiisha nyumba haisimami.

1. Kwanza jua kilichokufa: ni njia au ni jina

"Mwanangu, neti imekata," Mama huniambia kwa simu nikiwa kazini. Neno hilo moja hubeba matatizo mengi yasiyofanana, na kazi ya kwanza ni kuyapunguza yabaki mawili. Naanza na njia, kwa namba tupu:

ping 10.20.30.1
ping 9.9.9.9

Ya kwanza ni kompyuta yetu ya mlangoni. Ya pili ni anwani ya Quad9, huduma ya majina iliyo wazi kwa umma. Ya ndani ikijibu na ya nje isijibu, tatizo liko kwenye modemu au kwa mtoa huduma. Zote mbili zikijibu na kurasa bado hazifunguki, njia ni nzima. Kilichokufa ni jina.

Kwenye majina pia kuna hatua mbili. Amri ya dig huenda moja kwa moja kwa seva ya majina na kuiuliza. Amri ya getent hosts hupita njia ileile inayopitwa na programu nyingi za kawaida: husoma /etc/nsswitch.conf, hutazama /etc/hosts, ndipo huuliza nje. Dig ikijibu na getent ikanyamaza, seva haina kosa. Kagua mipangilio ya kompyuta uliyokalia. Mpangilio huu umeniokolea muda mwingi kuliko zana yoyote ya gharama, kwa sababu unanizuia kuzima na kuwasha vitu visivyo na tatizo.

2. Chagua anwani za ndani kwa kufikiri, usipokee tu zilizokuja

Anwani za IPv4 zina biti 32, sawa na anwani takriban bilioni 4.3, nazo hazitoshi kwa vifaa vyote vilivyopo duniani. Februari 1996 waraka wa RFC 1918 ulitenga mafungu matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia ndani kwake bila kuomba ruhusa: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Anwani hizi hazipelekwi kwenye intaneti ya umma, kwa hiyo mimi na jirani yangu tunaweza kutumia zilezile bila kugongana.

Mgongano hutokea ndani ya nyumba yenyewe. Modemu nyingi hutoka kiwandani zikitumia 192.168.1.0 au 192.168.8.0. Ukiupa upande wa ndani wa kompyuta yako fungu hilohilo, Linux inakuwa na njia mbili za kwenda sehemu moja, na pakiti zinapotea. Nilichagua 10.20.30.0/24 kwa sababu si fungu la kawaida la kiwandani. Faida nyingine ilionekana baadaye, nilipotaka kuingia nyumbani nikiwa ofisini: huko wanatumia 192.168.1.0, na laiti kwetu kungekuwa vilevile, kompyuta yangu isingejua kama namaanisha printa ya ofisi au ya sebuleni.

3. Kuficha anwani ni mstari mmoja, lakini haufanyi kazi peke yake

Kompyuta ya mdogo wangu ina anwani 10.20.30.112, isiyotambulika huko nje. Pakiti yake inapotoka, Linux huondoa anwani hiyo ya mtumaji na kuweka ile ya upande wa modemu, kisha huandika kwenye daftari lake la ndani kwamba pakiti ya poti fulani ni ya nani. Jibu likirudi, daftari linafunguliwa na jibu linafika kwa mwenyewe. Ni kama shule yenye S.L.P. moja: barua za wanafunzi wote huingia sanduku hilohilo, na ndani ya shule yupo anayejua nani yuko bweni gani.

Wazo hilo liliandikwa Mei 1994 na Kjeld Egevang na Paul Francis, katika RFC 1631, kama tiba ya muda mfupi ya uhaba wa anwani. Tiba hiyo ndiyo inayobeba nyumba nyingi hadi leo. Kwenye Linux ya sasa, chombo chake ni nftables, na mstari wenyewe unakaa kwenye /etc/nftables.conf:

table ip nat {
  chain postrouting {
    type nat hook postrouting priority 100;
    oifname "enp1s0" masquerade
  }
}

Hapo enp1s0 ni kadi ya upande wa modemu. Neno masquerade limewekwa kwa sababu maalumu. Lipo jingine, snat, ambalo wewe mwenyewe unaliandikia anwani ya kutokea. Hilo linamfaa mwenye anwani isiyobadilika. Sisi, umeme ukikatika na kurudi, modemu inaweza kuja na mipangilio mipya. Masquerade husoma anwani iliyopo kwenye kadi wakati huo, na wala sihitaji kugusa faili.

Mstari huo una wenzake wawili. Linux haipitishi pakiti za wengine mpaka iambiwe, kwa hiyo net.ipv4.ip_forward=1 lazima iandikwe kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, maana ikiandikwa kwenye dirisha la amri tu inapotea umeme ukienda. Na huduma ya nftables lazima iwezeshwe kwa systemctl enable nftables ili sheria zirudi zenyewe. Ukikuta maelekezo yenye ipchains, ujue ni ya enzi ya Linux 2.2, iptables ilikuja na 2.4 mwaka 2001, na nftables na 3.13 mwaka 2014. Chagua chombo kimoja. Sheria zilizoandikwa nusu kwa hiki na nusu kwa kile hazisomeki hata na aliyeziandika.

4. Kuficha si kulinda

Wengi huamini kwamba kwa kuwa anwani za ndani hazionekani, basi nyumba iko salama. Mstari wa masquerade hubadili anwani za pakiti zinazotoka. Haujaambiwa kumkatalia mtu kuingia. Kinga ni sheria nyingine, nayo iandikwe wazi: kila kitu kinachotaka kupita kikataliwe, isipokuwa kinachotoka ndani kwenda nje, pamoja na majibu ya mazungumzo ambayo daftari linayajua. Kwa lugha ya nftables, mnyororo wa forward unakuwa na policy drop, kisha unaruhusu ct state established,related na pakiti zinazotoka kadi ya ndani kwenda kadi ya nje.

Jambo hili lina uzito zaidi mtoa huduma anapoanza kutoa IPv6. Huko anwani zina biti 128 na kila kifaa hupata yake ya umma, hivyo hakuna cha kuficha. Sheria zilizoandikwa kwenye jedwali la aina ya ip hazigusi IPv6 hata kidogo. Ndiyo maana sheria zangu za kinga ziko kwenye jedwali la aina ya inet, linaloshika zote mbili.

Seva ya majina nayo isikilize upande wa ndani tu. Seva inayojibu poti 53 kwa mtu yeyote duniani hugeuzwa silaha: mshambuliaji hutuma swali dogo kwa anwani ya kughushi, na jibu kubwa humwangukia asiyeuliza. Unapoifunga unamlinda hata mtu usiyemjua.

5. Vipe vifaa majina, na majina hayo yakae mahali pamoja

Kabla ya mwaka 1983 majina ya kompyuta za mtandao wa ARPANET yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila kituo kilichukua nakala. Mtandao ulipokua, faili likashindwa. Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina wa DNS mwaka 1983, na nyaraka za Novemba 1987, RFC 1034 na 1035, bado ndizo msingi wake. Faili la /etc/hosts lililomo kwenye kila Linux ni mrithi wa utaratibu ule wa kale, na kwa nyumba yenye vifaa vichache bado linatosha, mradi lisomwe na programu inayoweza kuwajibu wengine.

Programu hiyo kwangu ni dnsmasq, ya Simon Kelley. Inagawa anwani kwa DHCP na kujibu majina kwa wakati mmoja, kwa hiyo kifaa kikipewa anwani jina lake linajulikana papo hapo. Mipangilio yangu ya msingi, ambamo enp2s0 ni kadi ya ndani, ni hii:

interface=enp2s0
bind-dynamic
domain=home.arpa
local=/home.arpa/
expand-hosts
domain-needed
bogus-priv
dhcp-range=10.20.30.100,10.20.30.200,12h

Mstari wa local unasema kwamba majina ya nyumbani yasiulizwe nje kamwe. Domain-needed na bogus-priv huzuia maswali yasiyo na jibu huko nje, kama jina tupu "printa" au anwani za ndani, yasivuke mlango. Printa na seva ya mafaili nimeviandikia anwani za kudumu kwa dhcp-host.

Kikoa nacho kina kanuni. Jina la .local limetengewa utaratibu mwingine wa kutafutana vifaa bila seva, kwa RFC 6762 ya 2013, na printa nyingi zinautumia. Ukilichukua, majibu yatagongana. Kubuni jina la .tz ambalo hujalisajili ni kukaa kwenye kiwanja cha mtu. Kwa ajili ya nyumba kuna home.arpa, iliyotengwa na RFC 8375 mwaka 2018.

Mwenye Debian aangalie pia mstari wa 127.0.1.1 ndani ya /etc/hosts, ambao mfumo wenyewe huweka karibu na jina la kompyuta. Dnsmasq huusoma na kuwaambia wote kwamba seva iko 127.0.1.1, na simu ikipewa jibu hilo inajitafuta yenyewe. Badilisha mstari huo uwe na anwani halisi ya ndani.

6. Jua kila kifaa kinamuuliza nani

Jina linaweza kujibiwa kwenye kompyuta hii na kukataliwa kwenye simu ile, na seva isiwe na kosa. Kwenye Linux tazama /etc/resolv.conf. Ukikuta 127.0.0.53, anayeulizwa ni systemd-resolved, na amri ya resolvectl status itakuonyesha yeye naye anamuuliza nani. Usilihariri faili hilo kwa mkono kabla ya kujua ni programu gani inaliandika, kwa kuwa italiandika upya.

Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mpangilio wa DNS ya faragha. Mwenye simu akiandika humo jina la huduma ya nje, maswali yake yote yanaipita seva ya nyumbani, na printa.home.arpa kwake haipo. Vivinjari navyo vinaweza kuwa na seva yao. Sikuona haki kuwazuia wageni wasitumie faragha hiyo, ambayo ina manufaa kwao. Kwa wa nyumbani nimeeleza sababu, na kila mmoja amechagua mwenyewe.

Anayeiuliza seva ya ndani anapata faida ya akiba. Jina lililokwisha kuulizwa na mmoja hujibiwa kwa mwingine bila kutoka nje, mpaka muda uliowekwa na mwenye jina uishe. Dnsmasq huhifadhi majina 150 isipoambiwa vinginevyo. Nimeongeza hadi 1000, na kwenye laini inayosuasua jioni tofauti inaonekana kwa macho.

7. Saa mbovu huua majina

Majibu ya DNS yanaweza kuwa na sahihi, kwa utaratibu wa DNSSEC, na kila sahihi ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Sasa fikiria kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ndogo ya saa, CR2032, imekufa. Umeme unakatika usiku. Unaporudi, kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Sahihi zote zinaonekana batili, majina yanakataliwa, na programu ya kurekebisha saa nayo inahitaji jina ili iifikie seva ya saa. Mduara umefunga, na hakuna ujumbe hata mmoja unaotaja saa.

Betri mpya ni ya bei ndogo na ndiyo dawa ya kwanza. Vifaa visivyo na saa ya ndani, kama Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5, vinahitaji dawa ya pili: chaguo la dnssec-timestamp ndani ya dnsmasq, linaloiambia isikague tarehe za sahihi mpaka saa iwe imevuka tarehe ya faili fulani. Sehemu ambazo umeme hukatika mara kwa mara, fundisho hili liko juu ya mengine mengi.

8. Kurasa ndogo zikifunguka na kubwa zikikwama, pima ukubwa wa pakiti

Pakiti ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1500. Laini za faiba zinazoingia kwa PPPoE hutumia 8 kati ya hizo, zinabaki 1492. Kompyuta za ndani hazijui, na kama njiani kuna anayezuia ujumbe wa kuonya kwamba pakiti ni kubwa mno, mazungumzo yanakwama kimya. Ping inajibu, majina yanajibu, ukurasa mwepesi unafunguka, picha hazifiki. Mstari huu kwenye mnyororo wa forward hupunguza ukubwa tangu salamu ya kwanza:

tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu

9. Tazama anwani uliyopewa kabla ya kuahidi kufikika kutoka nje

Fungua ukurasa wa modemu, usome anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma naye anaficha anwani za wateja wake nyuma ya yake. Fungu hilo lilitengwa kwa kazi hiyo na RFC 6598, Aprili 2012. Ni kawaida kwenye laini za simu. Hapo kufungua poti kwenye modemu hakusaidii kitu, kwa kuwa mlango wa mwisho hauko mikononi mwako.

Suluhisho ni nyumba kupiga simu nje badala ya kusubiri kupigiwa. Natumia WireGuard, iliyomo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, kuunganisha nyumba na seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma. Nimeweka PersistentKeepalive = 25. Namba hiyo inatokana na lile daftari la fundisho la tatu: mazungumzo ya UDP ambayo hayajajibiwa hufutwa na Linux baada ya sekunde 30, na wa njiani wengine hawana subira zaidi ya hapo. Kila sekunde 25 nyumba inakumbusha kwamba ipo.

10. Nyumba iendelee kufanya kazi intaneti ikikatika

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na Tanzania pamoja na majirani zetu tukabaki na intaneti ya kusuasua au bila intaneti kabisa. Hali kama hiyo huipata nyumba moja moja kila bando linapoisha. Kipimo changu cha mtandao wa nyumbani ni hiki: chomoa waya wa modemu, kisha ujaribu kuchapisha, kufungua mafaili ya familia, na kusoma.

Kwa kusoma tumeweka Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima kwenye diski na kuihudumia ndani ya nyumba, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Wadogo zangu huandika kamusi.home.arpa na kusoma, modemu iwe imewaka au imezimwa. Hilo linawezekana kwa sababu jina linajibiwa ndani na njia haitoki nje. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani hapaswi kusimama kwa kukosa vocha, na kwenye nyumba nyingi tunaweza kuliondoa kwazo hilo kwa kompyuta ambayo mtu alikuwa anataka kuitupa.

11. Andika kwa ajili ya atakayebaki nyumbani

Mtandao unaojulikana na mtu mmoja ni mzigo kwa wengine wote siku mtu huyo akisafiri. Ukutani kwetu pana karatasi yenye mpangilio wa kuwasha, modemu kwanza kisha kompyuta, pamoja na zile namba mbili za kujaribu. Ndani ya mafaili ya mipangilio, kila mstari una maelezo ya Kiswahili juu yake. Nywila ziko kwenye bahasha anayoitunza Mama. Mdogo wangu wa kike ndiye msimamizi ninapokuwa mbali, na amekwisha kubadilisha mambo ambayo mimi nisingeyafikiria.

Anayetaka kuanza asianze na yote. Aweke dnsmasq kwanza, avipe vifaa majina, azoee kuuliza kwa dig na getent. Makosa ya hatua hiyo hayamfungulii mgeni mlango. Kisha aandike sheria za kinga. Masquerade ije baada ya hapo, ili siku njia inapofunguliwa ulinzi uwe umekwishawekwa. Na kila hatua ikikamilika, achomoe waya wa modemu na kuhesabu ni vitu vingapi vya nyumba yake bado vinafanya kazi.